Ndege Avaaye Shaba Katika Nchi ya Dhahabu



Juma hili nilikusudia kuzungumzia bei ya vyakula, na karatasi zangu zilikwisha kuwa tayari. Nimeziweka kando. Nitazungumzia ndege. Najua wako watakaotikisa kichwa na kusema: mzee huyu sasa amechoka, nchi ina mambo mazito, yeye anatuletea habari za ndege. Nawaombeni subira. Ndege ninayemsema nusura asababishe mtu auawe mbele ya macho yangu, mchana kweupe, na mimi mwenyewe kwa dakika kadhaa nilikuwa upande wa wauaji.

Ilikuwa Katoro. Kwa wasiopajua, Katoro ni mji wa biashara katika barabara kuu itokayo Geita kwenda Biharamulo na Bukoba. Umeshikana na Buseresere hata mgeni hajui mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Watu wa kila kabila wamo: Wasukuma, Wazinza, Wasubi, Wahaya, Waha, na wengine waliotoka mbali kuifuata dhahabu. Ukikaa pale barabarani saa moja tu utaona pikipiki zimebeba viroba vya mawe ya kwenda kusagwa, malori ya mbao, na baiskeli zilizopakia mkaa hadi mwendeshaji haonekani. Ni mji usiopenda kupoteza muda.

Basi letu lilikuwa linatoka Bukoba kwenda Mwanza. Lilipofika hapo likapata pancha, tukaambiwa tushuke tunyooshe miguu. Nikaketi kwa mama lishe mmoja, nikaagiza chai na chapati. Sijamaliza kikombe, nikaona watu wanakusanyika hatua chache kutoka pale nilipoketi. Nami, kama ilivyo desturi yetu, nikainuka kwenda kuangalia.

Katikati alisimama kijana wa miaka kama ishirini na mitano, miguu imejaa vumbi jekundu la machimboni, mkononi kashika tundu la fito. Ndani ya tundu alikuwamo ndege ambaye, wasikilizaji, sikupata kumwona mfano wake kwa karibu namna ile. Mwili wote ulikuwa wa zambarau iliyoiva, karibu na buluu ya usiku, unang'aa. Mdomo mnene wa manjano, na manjano hiyo imepanda hadi kwenye paji la uso. Kuzunguka macho hakuna manyoya, ni ngozi tupu ya manjano. Utosini kishungi chekundu kimesimama kama brashi. Halafu akataharuki, akafungua bawa moja ndani ya lile tundu, na watu wote wakarudi nyuma kwa mshangao. Chini ya zambarau ile bawa lilikuwa jekundu kama kaa la moto.

"Laki mbili," kijana akasema. "Huyu ni ndege wa bahati. Ukiwa naye nyumbani, duara lako halikosi kutoa."

Bwana mmoja mwenye maduara yake alikwisha anza kuhesabu noti. Hapo ikatoka sauti nyuma: "Mmempata wapi ndege wa rangi hiyo? Huyo kapakwa rangi!" Nanyi mnajua jinsi neno la namna hiyo linavyokimbia. Katoro ni mji ulioumizwa na matapeli. Wako waliouziwa shaba nyeupe wakiambiwa ni dhahabu, wako waliouziwa vifaranga vilivyochovywa katika rangi ya ukili. Mzozo ukaanza. Wakavutana tundu, unyoya mmoja mwekundu ukachomoka, na mtu mmoja akaukimbilia akautumbukiza katika beseni la mama lishe, lenye maji ya sabuni ya unga ya kuoshea vyombo. "Tutajua sasa hivi," akasema.

Waliendelea kubishana. Baada ya muda mama lishe akapiga kelele. Tukatazama beseni. Povu lililouzunguka ule unyoya lilikuwa limegeuka rangi ya waridi, na ulipofikichwa kwa vidole, maji yakawa mekundu.

Sina haja ya kuwasimulia kwa kirefu yaliyofuata. Kofi la kwanza, la pili, kisha jiwe. Mtu akasema leteni tairi. Na mimi niliyesimama hapo na miwani yangu na umri wangu nilisema moyoni: afadhali, matapeli wamezidi. Ushahidi si huu hapa ndani ya beseni? Nimeuona kwa macho yangu.

Aliyemwokoa kijana yule ni bibi mmoja, abiria mwenzetu, aliyekuwa ameketi juu ya mkungu wake wa ndizi. Alipita katikati ya wanaume wale akasimama mbele ya kijana, akatandaza kanga yake.

"Nani kati yenu anamjua ndege huyu?" akauliza.

Kimya.

"Hamumjui, lakini mnataka kumchoma moto mwenye kumshika. Mimi nimezaliwa Muleba. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukiokota manyoya yake chini ya mkuyu. Tukiyaloweka katika maji ya majivu tunapata wino mwekundu, tunajipaka kucha. Rangi hii ni yake mwenyewe, amezaliwa nayo. Sabuni yenu ndiyo inayoitoa, kama majivu yetu."

Akaomba maji matupu ya kunywa. Akalowanisha pindo jeupe la kanga, akapenyeza mkono kati ya fito, akasugua bawa la ndege mbele ya watu wote. Kanga ikabaki nyeupe. "Angekuwa kapakwa jana kwa rangi ya dukani," akasema, "kanga yangu ingekuwa imeharibika."

Mawe yakaanguka chini moja moja. Bwana mwenye maduara akarudisha noti mfukoni. Bibi akamgeukia kijana, na sasa sauti yake ilikuwa kali. "Na wewe, mwanangu, hukupaka rangi, lakini bahati unayoiuza huna. Ungekuwa nayo ungekaa nayo. Ulimnasaje?"

"Kwa ulimbo, bibi," kijana akajibu, damu ikimtoka puani. "Duara letu limekata mwamba miezi minne halijatoa kitu. Nina deni."

Mtumishi wa idara ya wanyamapori aliitwa, akamchukua ndege ili akaachiwe huko alikotoka, na kijana akafuatana naye kwenda kuandikisha maelezo. Pancha ikawa imezibwa. Ndani ya basi nilimwomba bibi anisamehe. Akaniuliza kwa kosa gani, maana hakuniona nikirusha jiwe. Nikamwambia ndilo kosa lenyewe: sikurusha, wala sikuzuia.

Tangu siku ile nimemtafuta ndege huyu katika vitabu, nami nataka niwagawie nilichokipata, kwa sababu kutomjua kulikaribia kutugharimu roho ya mtu.

Kwa Kiswahili ndege wa ukoo huu huitwa shorobo, na wengine huwaita kulukulu. Wako aina zaidi ya ishirini, na wote, wasikilizaji, wote ni wa bara letu la Afrika. Hakuna nchi ya Ulaya, Asia wala Marekani yenye shorobo wake wa porini. Yule wa Pwani, mwenye mwili wa kijani na kishungi chenye wekundu, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Mjerumani Fischer, anaishi katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na Unguja yumo. Katika msitu wa Minziro, mpakani mwa Kagera na Uganda, yuko shorobo mkubwa wa buluu, baba lao wote. Na huyu wetu wa zambarau anaishi magharibi mwa Tanzania, Uganda, magharibi mwa Kenya, Kongo, Zambia hadi Angola. Wazungu humwita kwa jina la Bibi Ross, mke wa gavana wa kisiwa cha St. Helena, aliyekuwa na mmoja wa kufuga katikati ya karne ya 19. Bibi huyo alimchora na kupeleka picha kwa mtaalamu wa ndege John Gould huko London. Hivyo ndivyo ndege aliyejulikana kwa bibi zetu wa Muleba alivyopewa jina la mtu aliyemwona kizuizini.

Kuna na kichekesho. Jina la kitaalamu alilopewa, Musophaga, maana yake ni mla ndizi. Kumbe ndizi si chakula chake hasa. Chakula chake ni matunda ya porini, kwanza ya mikuyu, pamoja na maua na machipukizi, na mara mojamoja kumbikumbi au konokono. Wenye migomba wa Kagera wasimlaumu kwa ajili ya jina tu.

Sasa tuje kwenye ule wekundu. Mwaka 1869 Mwingereza mmoja mwanakemia, Arthur Church, alitoa matokeo ya uchunguzi wake juu ya manyoya mekundu ya shorobo. Aliitoa rangi ile kwa maji yenye magadi, kama bibi yangu wa Muleba alivyofanya kwa majivu, akaipima. Ndani yake akakuta madini ya shaba. Si chembe ya bahati mbaya, bali shaba iliyofungwa katika rangi yenyewe, kiasi cha kama sehemu saba katika kila mia. Ukiuchoma unyoya huo, mwali hugeuka kijani, na hiyo ndiyo alama ya shaba. Rangi hiyo akaiita turasini. Hata kijani cha shorobo wa kijani kina shaba. Ndege wengi tunaowaona kijani hawana rangi ya kijani hasa, ni mchezo wa mwanga tu ndani ya unyoya. Shorobo anayo ya kweli.

Shaba hiyo anaitoa wapi? Ndani ya matunda na majani anayokula, ambamo imo kidogo mno, siku baada ya siku. Hana sululu, hana karasha, hana zebaki. Anakula, na mwili wake unachambua. Maji matupu hayamdhuru. Hunyeshewa na mvua maisha yake yote na bado ni mwekundu. Kinachoyeyusha rangi yake ni magadi, majivu na sabuni, vitu ambavyo Mungu hakuviweka kwenye mvua. Kwa hiyo lile beseni la Katoro halikusema uongo. Lilijibu swali moja, nasi tukadhani limejibu jingine.

Huko Eswatini, manyoya mekundu ya ndugu yake ni alama ya ukoo wa kifalme, na si kila mtu huruhusiwa kuyavaa kichwani. Sisi tulitaka kumchoma mtu kwa ajili yake.

Tabia zake nazo zina mafundisho. Shorobo si mrukaji hodari. Huruka kwa kupiga mabawa mara chache, kisha hujiachia akateleza hewani hadi mti wa pili, na hapo ndipo wekundu unapowaka kwa muda mfupi. Akitua, wekundu unafichika, anabaki zambarau katika kivuli. Lakini miguuni ni bingwa. Kidole chake cha nje chaweza kugeuka mbele au nyuma, kwa hiyo hukimbia juu ya matawi kama kindi, akaruka kutoka tawi hadi tawi bila kufungua bawa. Huishi katika makundi madogo ya kifamilia, na kelele zao za kukoroma na kukwaruza, mmoja akianza wengine wakidakia, husikika kabla hujawaona. Kiota ni jukwaa tu la vijiti, jembamba. Jike hutaga mayai mawili, na mume na mke hupokezana kuatamia. Kinda hutoka kiotani akitambaa na kushikilia matawi kabla hajajua kuruka.

Lakini kazi yake kubwa ni ile anayoifanya bila kujua. Shorobo humeza tunda zima. Nyama ya tunda inabaki tumboni, mbegu inatoka nyuma nzima, wakati yeye amekwisha hamia mti mwingine au ng'ambo ya kijito. Katika msitu wa Nyungwe, Rwanda, watafiti waliwafuatilia shorobo wa aina tatu kuona wanapeleka wapi mbegu za matunda wanayokula, na matokeo yakachapishwa mwaka 1997. Walikuwa wanapima kazi ya mkulima, nasi tulidhani ni ndege anayestarehe.

Hapa nataka niwe mkweli, maana watu wa Geita wanaijua miti yao. Si kila mti unahitaji ndege. Mninga una mbegu yenye bawa lake, upepo unatosha kuisafirisha. Wanaohitaji tumbo la ndege, la popo au la nyani ni mikuyu na wenzake wenye matunda, wale wanaoota kwenye mabonde na kando ya vijito. Na kijito, ndugu zangu wachimbaji, mnakijua kuliko mimi. Jiwe likishasagwa, bila maji hakuna kuosha, na bila kuosha hakuna dhahabu.

Dhahabu ya Geita si ya leo. Mgodi wa zamani ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na huu mkubwa wa sasa ulifunguliwa mwaka 2000. Pembeni mwa migodi mikubwa wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, Rwamgasa, Nyarugusu na kwingineko. Kila duara linalokwenda chini linahitaji matimba, yale magogo ya kuzuia kifusi kisiwaangukie watu. Simlaumu mtu kwa matimba. Timba ni roho ya mtu. Kila familia ya Katoro nayo inahitaji kupika, na mkaa ndio huo unaopita barabarani. Lakini mti wa mlimani ukiisha, shoka huteremka bondeni. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inasema shughuli za kibinadamu zinazoweza kuharibu zikae umbali wa mita 60 kutoka kingo za mto na vyanzo vya maji. Mita sitini ni nyingi? Si hata urefu wa uwanja wa mpira. Ndani ya mita hizo sitini ndimo unamokaa mkuyu, na juu ya mkuyu ndipo anapokula shorobo. Mkuyu ukikatwa, mkulima wa mikuyu naye anaondoka. Tutaita semina, tutagawa miche, tutapiga picha tukiwa tumeshika majembe, na kazi hiyo kuna aliyekuwa akiifanya bila posho.

Na ndege mwenyewe akikamatwa? Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori, Namba 5 ya mwaka 2009, inakataza kumkamata bila kibali. Mwaka 2016 Serikali ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje, kwa sababu biashara ile ilikuwa na mianya mingi. Ulimbo mmoja juu ya mkuyu mmoja unaonekana jambo dogo. Lakini kijana yule alinaswa na ulimbo uleule. Deni lilimnasa mguu mmoja, uongo wa bahati ukamnasa wa pili, na laiti si yule bibi angekufa amebeba tundu.

Wasikilizaji, mambo mawili yalinifedhehesha siku ile. La kwanza, nimesoma miaka mingi, lakini elimu iliyomwokoa mtu ilikuwa ya mtoto wa Muleba aliyecheza chini ya mkuyu. Elimu hiyo haiandikwi popote. Mkuyu ukikatwa, watoto hawaokoti unyoya. Wasipookota unyoya, baada ya miaka hamsini hakuna bibi wa kusimama katikati ya watu na kuuliza: nani anamjua ndege huyu? La pili, nilikuwa na ushahidi mbele ya macho, nikaamini nimejua. Macho yaliona maji mekundu. Kichwa kikaongeza tapeli. Tairi lilikuwa njiani.

Sisi ni watu wa kuchimba. Tunajua kutafuta mali chini ya ardhi kwa jasho na kwa roho za watu. Juu ya vichwa vyetu yuko kiumbe aliyebeba madini mabawani tangu kabla babu zetu hawajashika sululu, na anayarudishia mabonde miti kila siku. Siwaombi mumwabudu. Nawaomba mumjue kwa jina, muwaonyeshe watoto wenu kabla hajaondoka, na mziache zile mita sitini.

Bibi yule aliposhuka Geita alinipa zawadi. Alikuwa ameuokota ule unyoya ndani ya beseni. Ninao hapa mezani ninapozungumza nanyi. Sehemu iliyolowa sabuni imepauka, na sehemu ya shina, ambako povu halikufika, bado ni nyekundu.